Mbwa Shenzi na Kitabu cha Mbegu

Kuna ubishi ambao katika vijiji vya Handeni na Korogwe huanza kwa kicheko na kuishia kwa hasira, nao ni ubishi juu ya mbwa. Mtu mmoja husema, “Mbwa wangu ana mbegu.” Mwenziwe hujibu, “Mbegu gani? Huyo ni shenzi tu, kama mbwa wote wa hapa.” Wa tatu, ambaye mbwa wake jike alizaa na dume la kigeni, husema kwamba yeye amepata mbegu mpya, wala hauzi mtoto wa mbwa ila kwa bei ya mbuzi wawili. Hapo maneno hupanda, maana kila mmoja ataka neno lake ndilo lisimame. Wala hakuna aulizaye swali lililo chini ya maneno hayo yote: Mbegu ni kitu gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mbwa fulani anayo au hana?

Twauliza swali hilo kwa kuwa si la mchezo. Mkulima wa Handeni ambaye shamba lake la mahindi limepakana na pori ajua ya kuwa usiku mmoja wa nguruwe waweza kumaliza jasho la miezi, na mchana mmoja wa nyani waweza kumaliza yaliyosazwa na nguruwe. Mlinzi wake wa kwanza ni mbwa. Mkulima huyo akishawishika kwamba mbwa wake si kitu, atamwacha azae ovyo, na afe kwa njaa au kwa sumu. Kisha atatoa fedha aliyoiweka kwa ada ya mtoto wake, anunue mbwa wa sura nzuri ambaye hamjui nguruwe wala hajazoea kupe. Siku atakapoiona hasara yake, mbegu ya kale itakuwa imekwisha kupotea, wala hakuna duka iuzwamo nyingine.

Neno letu basi ni hili, nasi twalisema mapema ili msomaji alipime: mbegu hufanywa na kazi, nayo huhifadhiwa kwa daftari. Sura nzuri haiifanyi, cheti cha mbali hakiifanyi, wala bei kubwa haiifanyi kamwe.

Kwanza tueleze maneno tunayoyatumia. Mbegu ya mbwa ni jamii ya mbwa ambao wakizaliana wao kwa wao watoto hufanana na wazazi, kwa umbo, kwa tabia, na kwa kazi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Kitabu cha mbegu ni jambo la pili: ni daftari ambamo huandikwa kila mbwa, na mama yake, na baba yake, na siku ya kuzaliwa kwake. Chama kikubwa cha wafuga mbwa cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1873, cha Marekani mwaka 1884, na shirikisho la nchi nyingi liitwalo FCI, ambalo makao yake yako Ubelgiji, lilianzishwa mwaka 1911. Vyama hivyo ndivyo viandikavyo vitabu, na watu wengi hudhani kwamba mbwa asiyekuwamo humo hana asili. Lakini mbwa amekaa na wanadamu kwa maelfu ya miaka, na vyama hivyo havijatimiza hata miaka 200. Basi mbegu zilikuwapo kabla ya vitabu, kama vile watu walivyokuwa na majina kabla ya kujua kuandika.

Sasa na tuwajibu wale wa kwanza, wasemao kwamba mbwa wa kijijini hana mbegu na hawezi kuwa nayo, kwa sababu ni wa kijijini. Twawauliza: Je, mbwa mnayemsifu ninyi alitoka wapi? Mbwa asifiwaye kuliko wote katika miji yetu ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, yule ambaye watu hupenda kumwita mbwa wa polisi. Huyo naye alikuwa mbwa wa kijijini. Katika vijiji vya Ujerumani wachungaji wa kondoo walikuwa na mbwa wa namna nyingi, wakubwa na wadogo, wenye masikio yaliyosimama na wenye masikio yaliyolala, wala hakuna aliyewaandika. Mwaka 1899, wakati ambapo nchi yetu nayo ilikuwa chini ya utawala wa Wadachi, aliyekuwa afisa wa askari wapanda farasi, jina lake Max von Stephanitz, alimwona mbwa mmoja katika maonyesho ya mji wa Karlsruhe, akampenda kwa nguvu zake na akili yake, akamnunua, akamwita Horand. Mwezi ule ule akaanzisha chama, akafungua daftari, na Horand akaandikwa namba moja. Stephanitz alishikilia sana kwamba mbwa wa mbegu hiyo apimwe kwa kazi kwanza, na uzuri ufuate nyuma.

Tazameni basi! Juzi alikuwa mbwa wa mchungaji, hana jina nje ya bonde lake, na leo jina lake lajulikana dunia nzima. Ni nini kilichobadilika? Damu yake haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliichagua kazi iliyokuwa njema, akachukua kalamu.

Wa pili huja na neno jingine. Husema, “Vema, mbwa wa zamani ana asili yake, lakini chotara hawezi kuitwa mbegu. Kilichochanganywa hakina jina.” Neno hili lafanana na busara, lakini si kweli, na ushahidi hauko mbali nasi. Kusini mwa Afrika wafugaji wa kale wa Kikhoikhoi walikuwa na mbwa ambao manyoya ya mgongoni huota kuelekea mbele na kufanya mstari kama ukingo. Wazungu walipofika na mbwa wao, wakachanganyika. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alichukua mbwa wawili wa mgongo wa namna hiyo mpaka misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji mmoja, Cornelius van Rooyen, akawazalisha na mbwa wake wa kuwindia simba. Mchanganyiko ukaenea. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, na Francis Barnes akaandika sifa za mbegu hiyo, ambayo Wazungu huiita Rhodesian Ridgeback. Mbwa walioletwa siku hiyo hawakufanana: wengine wakubwa, wengine wadogo, na rangi zao mbalimbali. Walakini walikubaliana juu ya kazi waitakayo na alama waitakayo, wakaandika, wakachagua kizazi baada ya kizazi, na vyama vikubwa vikaikubali mbegu hiyo.

Kama msomaji ataka ushahidi wa hapa kwetu, na aende Mpwapwa. Katika kituo cha mifugo cha huko wataalamu walifanya kazi kwa miaka mingi wakichanganya ng'ombe wa kienyeji na Boran, na Sahiwal na Red Sindhi walioletwa kutoka Bara Hindi, na kidogo cha damu ya Ayrshire ya Uskoti. Walitaka ng'ombe atoaye maziwa na nyama katika nchi ya ukame, asiyekufa kwa jua wala kwa malisho makavu. Mwaka 1958 mchanganyiko huo ukakubaliwa kuwa mbegu, ukaitwa ng'ombe wa Mpwapwa. Je, yuko mtu atakayesema kwamba ng'ombe huyo hana jina kwa kuwa babu zake walitoka nchi nyingi? Chotara si mbegu siku anayozaliwa, hilo ni kweli. Lakini chotara aliyechaguliwa, akaandikwa, akazaa watoto wafananao naye, na wajukuu vile vile, huyo amekwisha kuwa mbegu, mtu apende asipende.

Kwa sababu hiyo hiyo twamkataza yule wa tatu, auzaye watoto wa mbwa kwa bei ya mbuzi wawili na kuwaita mbegu mpya. Rafiki, umepata uzao mmoja tu! Wawili kati ya watoto wako wamefanana na baba, watatu na mama, na wa sita hafanani na mtu. Hujui watakuwaje wakikua, wala hujui watazaa nini. Mnunuzi akuuliza habari za babu na bibi, nawe wamwonyesha masikio. Huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatukatazi kuchanganya, maana tumekwisha kusema kwamba Mpwapwa walichanganya. Twakataza kuuza tumaini kwa jina la mbegu. Anayetaka kuanzisha mbegu mpya na afanye kama wale waliofanya kweli: aseme mapema kazi aitakayo, aandike, awatenge wasiofaa wasizae, na angoje vizazi. Asiyeweza kungoja ni mchuuzi, wala si mfugaji.

Sasa twafika penye neno lililo zito kuliko yote, nalo ni jina lenyewe: shenzi. Watu wa pwani waliwaita babu zetu wa bara washenzi, na Wazungu walowezi wa Kenya wakalichukua neno hilo wakamwita kila mbwa wa Mwafrika mbwa shenzi. Sisi nasi twasikia watoto wetu wakilitumia kwa mbwa wa nyumbani kwao, kana kwamba ni jina la ukoo. Lakini wasomaji wachache wajua kwamba neno hilo hilo limeandikwa kwa heshima katika vitabu vya mbegu vya London na New York. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa wadogo wekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine, hata wawindaji huwavisha kengele ya mti wapate kujua walipo. Jina walilopewa huko Ulaya ni Basenji. Neno hilo latoka Kilingala, maana yake ni watu wa porini, nalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Yaani mbwa yule yule, na tusi lile lile: huku ni aibu, kule ni cheo. Basi yajulikana wazi kwamba aibu haikuwa katika mbwa.

Habari za mbwa huyo zina fundisho la pili, nalo twaomba lisikilizwe vizuri na wale wanaopenda vitabu mno. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo walionyeshwa London, wakafa kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Katika miaka ya 1930 bibi mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwaleta wengine, nao wakaishi na kuzaa. Mwaka 1943 Wamarekani wakawakubali katika kitabu chao. Kisha mlango ukafungwa: mbwa asiyekuwa mtoto wa waliokwisha kuandikwa hakuandikwa. Wale wa kwanza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na wote waliofuata walitoka katika damu hiyo chache. Yaliyotokea mkulima yeyote angeweza kuyatabiri. Kwanza ulionekana ugonjwa wa kupungukiwa damu, kisha ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao hufanya sukari na chumvi za mwili kupotea katika mkojo. Mbegu ilikuwa safi sana kitabuni, na katika miili yao mauti yalikuwa yakirithiwa.

Dawa ilitoka wapi? Ilitoka kwa mbwa shenzi. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams, Mwingereza mmoja wa wafugaji wa kwanza wa mbegu hiyo, alikwenda kusini mwa Sudan akarudi na jike mmoja mwekundu aitwaye Fula. Fula hakupelekwa katika maonyesho, walakini karibu kila Basenji aliyeandikwa baada yake ana damu yake. Mwaka 1987 na mwaka 1988 Wamarekani walikwenda kaskazini mashariki mwa Kongo, wakachukua mbwa kutoka vijijini. Wengine wa mbwa hao walikuwa na milia myeusi juu ya manyoya mekundu, rangi ambayo wenye kitabu hawakuizoea. Je, waandikwe au wasiandikwe? Hilo halikupita bila ubishi, maana kuna watu ambao kwao kitabu ni kikubwa kuliko mbwa. Hata mwaka 1990 kitabu cha Marekani kikafunguliwa, wakaandikwa mbwa 14 wa Afrika, na rangi ya milia ikakubaliwa. Mwaka 2009 kikafunguliwa tena. Mbwa ambao hakuna mtu wa mjini angewatupia mfupa ndio walioletwa kuwaokoa wenye vyeti.

Tena sikilizeni jambo la mwaka huo huo wa 2009. Wataalamu walipima damu ya mbwa zaidi ya 300 wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia, wakailinganisha na damu ya mbegu zilizoandikwa. Waliona kwamba Basenji kweli ni ndugu wa mbwa wa vijijini wa Afrika. Lakini yule mbwa wa Bulawayo mwenye mstari mgongoni, aitwaye mbwa wa Afrika duniani kote, damu yake kwa sehemu kubwa ni ya mbwa wa Ulaya. Hatusemi kwamba yeye si mbegu, la! Ni mbegu kamili, kwa kuwa kazi yake na uzao wake vyamshuhudia. Twasema tu kwamba kitabu chaweza kumpa jina la Afrika mbwa ambaye damu yake ni ya Ulaya, na wakati huo huo kikamwacha nje mbwa wa Afrika mwenyewe alalaye jikoni kwetu. Kwa hiyo anayengoja kitabu cha mbali kimwambie mbwa wake ni nani, huyo ameazima macho ya jirani kutazama mtoto wake.

Kuna na wa nne, nao ni marafiki zetu, kwa hiyo twataka kuwajibu kwa upole. Hawa wawapenda mbwa wa kwetu, nao husema, “Tuchague mmoja mzuri, tuandike rangi yake, na kimo chake, na mkia wake, kisha tuombe akubaliwe. Nairobi kuna East Africa Kennel Club, na maonyesho hufanywa huko. Kwa nini mbwa wa Uzigua asisimame mbele ya mwamuzi?” Nia yao ni njema, lakini njia yao ina shimo. Afrika Kusini wamekwisha kulifikia shimo hilo. Mwaka 1998 Johan Gallant na Joseph Sithole walianzisha chama cha kumhifadhi mbwa wa kienyeji wa huko, wakamwita Africanis, na chama kikubwa cha wafuga mbwa cha nchi hiyo kimemweka katika safu ya mbegu zinazochipuka. Lakini watunzaji wa Africanis wenyewe wameonya kwamba mbwa huyo hakufanywa na mwamuzi, bali amefanywa na nchi na kazi. Ukianza kumchagua kwa rangi na kimo, baada ya vizazi vichache utakuwa na mbwa mwingine mwenye jina lile lile. Twaona kwamba wana haki.

Maana hebu tufikiri ni nani aliyemchagua mbwa wa Handeni. Si mtu aliyekaa kitini na kalamu. Ni kupe na mbung'o, ambao waliwaua wasiostahimili kabla hawajazaa. Ni kiangazi, kilichowaacha hai wale waliotosheka na ukoko wa ugali. Ni nguruwe dume, aliyewapasua tumbo wale wenye ujasiri bila akili. Ni wanawake wa nyumbani, waliowafukuza wezi wa mayai na wenye kuuma watoto. Waamuzi hao wamekaa miaka mingi kuliko chama chochote cha London, wala hawapokei rushwa. Tukiyaweka maamuzi yao kando ili tufuate mkia uliojikunja vizuri, tutakuwa tumeacha mbachao kwa msala upitao.

Pengine mtu atasema, “Basi, kama mbwa wetu amekwisha kuchaguliwa na nchi, daftari la nini? Mwache kama alivyo.” Twajibu kwamba nchi iliyomchagua haiko tena kama ilivyokuwa. Zamani mbwa wa kigeni hakufika kijijini. Sasa kuna barabara na pikipiki, na mbwa wa miji na wa mashamba ya katani huzaa na wa kwetu bila mtu kujua. Uwindaji nao wataka kibali cha serikali, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa wanyama wamepungua. Lakini kwa hiyo wazee waliomjua mbwa mwema kwa jina, na mama yake, na bibi yake, wanakufa bila kumrithisha mtu maarifa hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mwingine atacheka, aseme, “Walimu hawa! Kazi yao ni kuwaandika watoto, na sasa wataka kuwaandika mbwa.” Acha acheke. Daftari la kurasa 40 halishindi bei ya kuku, na nguruwe akila gunia la mahindi hailipi ada ya mtoto yeyote. Kuandika mambo yatufaayo si kazi ya walimu peke yao. Ni kazi ya kila mtu aliyefundishwa kusoma, maana kusoma bila kuandika ni kama kupokea bila kutoa.

Basi na tuseme lifaalo kufanywa, maana maneno bila kazi ni upepo. Katika kila kijiji wafuga mbwa wachache wakubaliane, wachague mwandishi mmoja, mtu mwaminifu. Aandike jina la mbwa, dume au jike, siku ya kuzaliwa, mama yake, baba yake kama ajulikana, na kama hajulikani aandike “hajulikani” wala asitunge. Aandike kazi ya mbwa: je, hukesha shambani? Hufukuza nyani, au huwakimbia? Huwajua mbuzi wa nyumbani? Alipougua alipona? Aandike pia ubaya wake bila kumwonea haya mwenye mbwa, kwa sababu daftari la sifa tupu ni uongo uliopigwa mistari. Dume na jike wa tumbo moja wasizalishwe, tusije tukaanza wenyewe taabu ile ya Basenji. Na wale wasiofaa wahasiwe na mtaalamu wa mifugo, wasiachwe wazae kisha watoto watupwe njiani.

Tena daftari hilo liwe na safu moja ya chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka duniani kwa hesabu ya wataalamu, na wengi wao ni watoto wa Afrika na Asia. Yajulikana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini ni nani atakayejua kama 70 wametimia, mahali ambapo hakuna aliyewahesabu mbwa? Mtu aliyeumwa na aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje. Mbwa asiye na jina ni wa kwanza kukosa sindano, kwa kuwa hakuna amtakaye. Kumbe dharau nayo hueneza kichaa.

Baada ya vizazi vitatu au vinne daftari litasema lenyewe. Likionyesha kwamba watoto wa jike fulani wa Kideleko, na wajukuu wake, wote ni walinzi wema wa shamba, hiyo ni mbegu, ijapokuwa hakuna mtu wa Nairobi wala wa London aliyesikia habari zake. Siku hiyo chama cha mbali kikija kuuliza, tutakionyesha kitabu chetu, nacho kitakuwa mgeni katika neno hilo, sisi wenyeji. Kisipokuja, nguruwe watakuwa wamekwisha kuitambua mbegu hiyo. Na daftari lisifungwe kamwe: mbwa mwema akitoka Lushoto au Kilindi, apimwe kazi, na akifaa aandikwe, hata kama mkia wake umenyooka.

Hatutaki mtu awachukie mbwa wa kigeni. Kila mbwa ni mwema mahali alipofanyiwa kazi yake. Twataka hili tu: kwamba mtu wa Handeni au wa Korogwe asimwite mbwa wake shenzi kabla hajamwandika, asinunue masikio akidhani amenunua mbegu, wala asingoje ruhusa ya kukijua kilicho chake. Kalamu mnazo, na mbwa wako uani. Anzeni na yule aliyekesha jana usiku.